Fundi Usiguse Anastaafu kwa Mara ya Tatu, na Babu Amepata Kadi

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, fundi wetu wa mtambo wa lebo anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki kwa miaka thelathini na minne. Wasomaji wa jarida hili wenye kumbukumbu nzuri watasema sentensi hiyo walishaisoma. Ni kweli. Waliisoma mwaka juzi, wakaisoma tena mwaka jana, na mara zote mbili walikula keki. Safari hii kamati ya sherehe imeamua kwamba keki itakatwa baada ya Fundi kupanda basi, si kabla.

Kwa wageni kazini, tueleze kwanza anachokifanya. Lebo ni kile kitambaa kidogo nyuma ya kola ya shati, kinachokuwasha shingo na kukuambia usilipige pasi. Hufumwa hapa kwetu, kwenye mtambo ulionunuliwa ukiwa umeshatumika kwingine, unaoongozwa na kompyuta iliyoletwa ikiwa imeshachoka. Kompyuta hiyo husoma mchoro wa lebo kutoka kwenye diski laini, yaani ile sahani nyeusi ya plastiki iliyo pana kama kiganja, kisha huuambia mtambo uzi upi upande na upi ushuke. Haina kazi nyingine, na hata hiyo moja huifanya ikijisikia. Jina lake ni Babu. Ilipofika ilikuwa nyeupe. Leo ina rangi ya chai ya maziwa iliyosahaulika mezani.

Fundi aliajiriwa kutengeneza feni na kubadilisha taa. Babu alipoletwa, yeye ndiye aliyepelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili kwa waliouuza mtambo, akarudi na jalada nene la maelekezo, kalamu mbili zenye nembo, na mwendo mpya. Siku iliyofuata alibandika karatasi juu ya Babu iliyoandikwa USIGUSE. Meneja wa wakati ule akaomba maelezo. Fundi akamjibu kwamba maelezo yapo hapo juu, kwa herufi kubwa, na hayajamtenga mtu yeyote kwa cheo. Jina la Fundi Usiguse lilianza mchana huo, na lile alilopewa na wazazi wake linafahamika kwa watu wa mishahara peke yao.

Chumba cha Babu ndicho chumba pekee kiwandani chenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Mameneja watano wamepita hapa wakijipepea kwa mafaili, huku mlango wa pili Babu akiishi kwenye ubaridi kama wa duka la nyama. Kila aliyejaribu kuhamishia meza yake mle alielezwa na Fundi kwamba pumzi ya binadamu ina unyevu. Fundi mwenyewe, inaonekana, alikuwa na pumzi kavu, kwani alikaa mle kwa miaka yote hiyo, na mara nyingine alikoroma.

Kumwasha Babu kulikuwa na taratibu zake. Unabonyeza swichi, unasubiri mngurumo, unausikiliza mpaka ubadilike, kisha unampiga kofi ubavuni upande wa kushoto, si kwa nguvu na si kwa huruma. Asipojibu unazima, unamsemesha vizuri, unaanza upya. Fundi alishikilia kwamba kofi lile linahitaji mkono uliozoeana naye. Mama Pacha, mfumaji ambaye amesimama kwenye mtambo huo kwa zaidi ya nusu ya umri wake, aliwahi kuomba afundishwe. Fundi akamwambia, "Subiri ukue." Mama Pacha wakati huo alikuwa na wajukuu wawili.

Mafanikio ya Fundi ni mengi, na ni haki tuyataje. Ni yeye aliyehakikisha mtambo unazunguka msimu ule wa sare za shule, wakati viwanda vingine vilikuwa vinawaomba wateja radhi. Ni yeye aliyemfunika Babu kwa koti lake mwenyewe siku paa lilipovuja, akalowa yeye, akaugua wiki nzima. Wiki hiyo hatukufuma lebo hata moja, kwa hiyo tuseme Babu alikingwa na mvua na akakingwa na kazi pia. Lakini mafanikio yake makubwa kuliko yote ni kuhakikisha kwamba katika jengo lenye watu wazima wenye akili timamu, hakuna hata mmoja anayejua chochote kuhusu Babu isipokuwa yeye. Hilo alilifanyia kazi kwa bidii, na alifanikiwa kupita matarajio.

Matunda yake aliyaona siku ya kustaafu kwa mara ya kwanza. Aliagwa Ijumaa, akapewa saa ya ukutani, tukampigia makofi. Jumatatu asubuhi Babu aliwashwa na watu wanne kwa zamu, akapigwa makofi ya kila aina, mengine yakiwa na kinyongo cha miaka, na hakufungua hata jicho. Meneja wetu wa sasa akachukua simu. Fundi alifika akiwa amevaa kandambili, akampiga Babu kofi moja la ubavuni, na mtambo ukaanza kufuma. Tulipiga makofi tena. Meneja akamshika bega na kumwambia, "Miezi mitatu tu, mzee wangu." Miezi mitatu ya Meneja ina tabia ya kuzaa. Ilizaa mwaka mzima, tukamuaga tena, na Jumatatu yake simu ikapigwa tena. Mara hii alikuja na viatu. Alishajua.

Hapo ndipo mambo yalipoacha kuwa ya kuchekesha, angalau kwa watu wawili. Mke wa Fundi alikuwa ameshahamia mji mwingine, kwenye nyumba waliyoijenga karibu na binti yao, akaweka mapazia na kupanda maua, akasubiri. Fundi alibaki huku kwenye chumba kimoja, akila mayai ya kuchemsha na kuzungumza na mkewe kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana. Simu yenyewe ina sauti kubwa, kwa hiyo mazungumzo hayo tuliyafuatilia wote kama taarifa ya habari.

"Ungekuwa na mwanamke huko," mkewe alimwambia siku moja, "ningemtafuta jina nikamtukana, roho yangu ikatulia. Sasa mume wangu, nikatukane sanduku?"

Fundi akasema Babu si sanduku. Lilikuwa jibu baya. Kisha mkewe akamwarifu, bila kupandisha sauti, kwamba amepata mpangaji wa kile chumba chao cha mbele. Ni mwalimu, mtaratibu, na hana kompyuta. Mwezi ukiisha Fundi hajafika, kitanda chake kitatolewa uani na mwalimu ataingia na chake.

Tuliotegemea kwamba Fundi angemwendea Meneja na kugonga meza tulikuwa hatumfahamu. Alimwendea Babu. Alikaa mbele yake siku mbili akimsikiliza, na akakubali jambo ambalo sisi wengine tulilijua kwa masikio tu: diski kuu iliyomo ndani ya Babu, yenye programu zote za mtambo, ilikuwa inanguruma kama mtu anayetafuna changarawe. Kofi lake la ubavuni lilikuwa halifanyi muujiza wowote. Lilikuwa linaigutusha diski iliyokwama. Maadamu diski ile ipo, kofi litahitajika, na maadamu kofi linahitajika, Meneja atapiga simu kila Jumatatu mpaka mmoja wao afe, na Fundi hakuwa na uhakika kwamba atakayetangulia ni Babu.

Akaperuzi kwenye simu yake, akagundua kwamba kuna watu mbali huko wanaopenda kompyuta za kale kama wengine wanavyopenda njiwa, na wanazitengenezea viungo vipya. Kuna kadi inayochomekwa kwenye tundu la kompyuta ya zamani, nayo inabeba memori kadi ya kawaida, kama hii ya simu. Kompyuta inadanganyika kwamba ile ni diski yake. Haingurumi, haikwami, haihitaji kofi.

Angeandika "memori kadi" kama wanavyosema watu wote, jarida hili lingekuwa fupi. Lakini ofisi ilikuwa imetoa waraka kwamba maombi yote ya vifaa yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, na Fundi, ambaye hajawahi kutii waraka wowote, aliamua kuanza na huo. Aliandika: "Naomba kununuliwa kadi ya kumbukumbu ya Babu. Ni jambo la haraka, mwezi usiishe."

Kaka yetu wa manunuzi alikuwa mgeni, mwenye adabu, na hakuwahi kuingizwa chumba chenye kiyoyozi. Alisoma ombi lile akasikitika. Alinunua kadi nzuri, kubwa kama ukurasa wa gazeti, yenye mshumaa, maua meupe na maneno "Daima Tutakukumbuka", akaizungusha ofisi nzima itiwe saini, akisema Fundi amefiwa na babu yake. Watu walitia. Wengine waliandika kwamba marehemu ameacha pengo. Meneja, ambaye hakuwahi kumwona babu wa mtu yeyote, aliandika, "Alikuwa mtu wa watu." Dada mmoja wa uhasibu alishika kalamu akafikiri kidogo, akasema kwa kuwa Fundi mwenyewe ni mstaafu, babu yake alijitahidi sana kuishi. Lakini naye alitia saini.

Ujumbe wa watu watano ulimpelekea kadi hiyo, nyuso zimeinamishwa, mikono imefumbatwa mbele. Fundi aliipokea kwa furaha ambayo wajumbe waliitafsiri kuwa ni mshtuko. Akaigeuza nyuma. Akapapasa kingo zake akitafuta meno ya shaba ya kuchomekea. Kisha akauliza, "Sasa hii inachomekwa wapi?"

Mjumbe mmoja, mama mzima, alianza kulia. Wengine walimwambia Fundi ajikaze, ndivyo dunia ilivyo. Ilichukua muda mpaka ikafahamika kwamba hakuna aliyekufa.

"Ungeandika ni ya kompyuta, mzee," kaka wa manunuzi alilalamika.

"Nimeandika ni ya Babu."

"Ndiyo maana tumekuja na sura hizi."

Wiki nzima ya mwezi ule ikawa imeliwa na msiba usiokuwepo. Mkewe alipopiga simu mchana na kuuliza kulikoni sauti yake iko hivyo, Fundi alimweleza kwamba wamemletea rambirambi ya kompyuta. Mkewe akasema mwalimu ameuliza kama dirisha la chumba lina wavu.

Ombi la pili liliandikwa kwa lugha ya mtaani na kuambatanishwa na mchoro. Kifaa kikaja mwezi ukiwa ukingoni: kadi ya kijani, ndefu kama kidole cha kati, yenye meno ya shaba upande mmoja na mdomo mdogo upande wa pili wa kumezea memori kadi. Fundi alimfungua Babu mbele yetu kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda. Ndani tulikuta vumbi la tangu meneja wa kwanza, mjusi mkavu, na kalamu yenye nembo ambayo Fundi alimsingizia mtu wa stoo wa zamani kuwa ameiiba, na hakumsalimia mpaka anaacha kazi.

Kuichomeka kadi ya kijani kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye ile ndogo. Memori kadi ni kama ukucha, na pembeni ya ule mdomo wa kadi ya kijani kuna vijipini vya kupanga ili Babu aitambue, kila kimoja kama punje ya mchele. Fundi alivaa miwani, akavua miwani, akasogea dirishani, akarudi. Kile kijikadi kilimponyoka, tukakitafuta sakafuni wote kwa magoti, kikapatikana ndani ya kiatu chake. Alijaribu tena. Vidole vyake, ambavyo kwa kofi havina mpinzani, vilikuwa vinene mno kwa kazi hii, na macho yake yalikuwa yameshastaafu mara ya kwanza, wakati ule wa saa ya ukutani.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu mtambo wake ulikuwa umezimwa. Kazi yake ni kupitisha uzi kwenye matundu ya sindano ambayo wengine hawayaoni. Alinyoosha mkono akasema, "Lete."

Fundi akasema, "Usi—" na neno likaishia hapo.

Alimtazama. Akatazama simu yake iliyokuwa mezani, maana saa ya mapumziko ilikuwa inakaribia. Kisha akaweka kijikadi kwenye kiganja cha Mama Pacha, polepole, kama anayekabidhi mtoto kwa mtu asiyemwamini. Mama Pacha alipanga vijipini, akakichomeka, akauliza kama kuna kingine.

Babu alipowashwa, aliikubali kadi yake mpya kwa masharti. Kijikadi kile kina nafasi ya kubeba kila lebo iliyowahi kufumwa hapa na bado kikabaki kitupu. Babu alikiangalia akaona kipembe kidogo tu, akaridhika nacho, kama mtu aliyekabidhiwa ukumbi mzima akavuta kiti akakaa karibu na mlango. Tarehe nayo hakuiboresha. Bado kila akiwashwa anaamini ni Januari ya mwaka 1980, na kwa hesabu yake Fundi hata kuajiriwa hajaajiriwa, sembuse kustaafu. Meneja alipoelezwa hilo alionekana kulitafakari kwa makini.

Programu zilinakiliwa kutoka diski kuu na michoro ya lebo ikahamishwa kutoka kwenye diski laini, na hapo Fundi alikalia kiti akielekeza huku Mama Pacha akigusa kila kitu. Diski nyingine zilikuwa na ukungu. Lebo ya kwanza kufumwa ilitoka safi, uzi umekaa vizuri, rangi sahihi, isipokuwa ukungu ulikuwa umekula herufi ya mwanzo. Badala ya "Fua kwa maji baridi" iliagiza "Ua kwa maji baridi". Mama Pacha aliisoma akasema, "Fundi, lebo yako inatishia watu." Fundi akasema lebo hiyo ni ya Mama Pacha, kwani aliyegusa ni nani? Walicheka mpaka tukaja kuchungulia. Herufi ikarudishwa, na aliyeirudisha ni Mama Pacha, huku Fundi amekaza macho ukutani ili asimsumbue.

Jumatatu ya wiki hii lilifanyika jaribio lenyewe. Fundi alitakiwa asimame nje, mlango umefungwa. Meneja naye alisimama nje, na mkononi alikuwa na barua ya kuongeza miezi mitatu, imeshapigwa muhuri, kwa tahadhari. Mama Pacha aliingia peke yake. Sisi tulisimama kwenye korido tukijifanya tuna shughuli.

Fundi alitega sikio asikie mngurumo, na hakusikia kitu. Uso ukamwanguka. Alijua kabisa maana ya ukimya huo: barua ya Meneja, mayai ya kuchemsha, kitanda uani. Akasukuma mlango. Ndani mtambo ndio kwanza ulikuwa unaanza kufuma, lebo zinashuka kwenye kapu kama mvua ya rasharasha, na Babu yuko kimya kwa sababu hana tena cha kunguruma nacho. Fundi aliinua kiganja kwa mazoea, akakosa pa kukipeleka, akajikuna kichwa. Tusiseme alifurahi moja kwa moja. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amefaulu na hataki tena kushikwa mkono barabarani.

Meneja ndiye aliyefurahi haraka. "Unaona sasa, mzee wangu? Mambo yakiwa mazuri hivi ndiyo tunakuhitaji zaidi. Miezi mitatu tu, uyasimamie mabadiliko."

Miaka yote hiyo Fundi alikuwa na majibu kwa mameneja, lakini sentensi hiyo moja humlainisha kila mara, kwa sababu kuambiwa unahitajika ni kitu kitamu na Meneja analijua hilo. Aliyejibu ni Mama Pacha, bila kugeuka, mikono kwenye uzi.

"Bosi, unataka lebo au unamtaka Fundi? Kama ni lebo, chota kapuni. Kama ni Fundi, ana mwenyewe, na keshachoka kumsubiri."

Meneja akachota. Alizisoma lebo moja moja, mbele na nyuma, akitafuta kosa kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona akiifanyia kazi nyingine. Hakulipata. Akamtazama Fundi, na Fundi, kwa sauti ndogo ambayo si yake, akasema, "Mkuu, mimi niende." Barua ya miezi mitatu ilikunjwa ikaingia mfukoni. Ile ya kustaafu Meneja aliitia saini palepale, akitumia mgongo wa Babu kama meza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Fundi, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, hata ile miwili ambayo hukukusudia. Tunakushukuru kwa msimu wa sare, kwa koti, na kwa kutuachia mtambo ambao mtu yeyote anaweza kuuwasha akiwa nusu usingizini. Mama Pacha anasema makosa yote ya lebo kuanzia sasa ni ya kwake, na amewaomba mafundi wawili wachanga waingie humo ndani wajifunze, tena waguse.

Basi lako linaondoka Jumamosi. Meneja ameomba namba ya simu ya huko uendako, kwa ajili ya dharura, na amepewa. Tumeihakiki. Ni ya mke wako.

Nenda ukaishi vizuri na watu wako, Fundi wetu. Afya iwe nawe, usingizi wa mchana usiulizwe sababu, na kila Jumatatu ikukute bado umejifunika shuka.